Uwanja Ulioelekea Jua

Damiani alikuwa na tabia ya kutembea kwa hatua zinazolingana. Ukimwona anavuka uwanja wa gofu ungedhani anahesabu, na kweli alikuwa anahesabu. Alijua kwa hatua umbali wa kila kitu katika ile klabu ya mashamba ya miwa: kutoka barazani hadi shimo la kwanza, kutoka stoo ya mashine za kukatia nyasi hadi bomba la maji, kutoka mti mmoja hadi mwingine. Nilipomzoea nilimuuliza kama na nyumbani kwake anahesabu.

"Mama Lukelo alinikataza," alisema. "Alisema naipima nyumba yake kama mtu anayetaka kuipiga mnada."

Mimi naitwa Aikande. Kwetu ni Machame. Nilifika bonde la Kilombero mwaka 2015, nimeajiriwa katika maabara ya kiwanda cha sukari, kazi yangu kupima utamu wa juisi ya miwa kabla haijachemshwa. Gofu nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, tena nikibadilisha stesheni. Naandika habari za Damiani kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huo, na kwa sababu katika jambo lililomharibia uzee wake na mimi nilikuwepo, wala sikuwa pembeni.

Alizaliwa Michenga, kijiji cha wakulima wa mpunga katika mbuga inayofurika kila masika, si mbali na Ifakara. Akiwa na miaka kumi na tisa aliondoka kwao akaja upande wa juu wa bonde, chini ya milima ya Udzungwa, akawa mkata miwa. Kazi ile ilimchosha mgongo katika misimu miwili. Ndipo klabu ya wafanyakazi wakubwa ilipotafuta mtu wa kufyeka nyasi, akaenda. Siku za wiki alifyeka, na mwisho wa wiki alibeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Alijifunza gofu kwa macho. Fimbo yake ya kwanza ilikuwa imevunjika mpini, akaipachika mpini wa mwanzi, akawa anapiga mipira iliyochanika nyuma ya stoo wakati wenzake wanakula mchana.

Kitu alichokuja nacho kutoka kwao ni kuyajua maji. Mtu aliyekulia Michenga hahitaji kipimo kujua mvua ikinyesha maji yataelekea wapi. Damiani angesimama mahali, ageuze shingo mara mbili, aseme, "Hapa patatuama," na masika yakifika panatuama. Wasimamizi wa viwanja walibadilika, kila mmoja akamtegemea yeye, na kila alipoondoka mmoja aliletwa mwingine kutoka nje. Damiani alibaki palepale alipokuwa. Alikaa hivyo miaka thelathini.

Mwaka ule niliofika mimi, klabu iliamua kujenga uwanja wa mazoezi. Wachezaji waliuita renji. Kwa wasioujua, ni sehemu ambayo mtu husimama mahali pamoja na ndoo ya mipira, akapiga mpira mmoja baada ya mwingine bila kuufuata, mpaka mkono ukubali. Klabu yetu haikuwa nao. Aliyetaka kujifunza alijifunzia uwanjani kwenyewe, huku nyuma yake watu wamesimama wanamsubiri na kuangalia saa. Kwa hiyo waliojifunza walikuwa walewale waliojua tayari. Fundi makenika au muuguzi asingethubutu kwenda kuaibika mbele ya mabosi wake.

Damiani alikuwa ameuota uwanja huo kwa muda mrefu. Aliwahi kupelekwa Morogoro na Dar es Salaam pamoja na timu ya klabu, abebe mifuko, na wachezaji walipokuwa wanapumzika yeye alikuwa anapima renji za huko kwa hatua. Aliporudi aliendelea kuwaza. Hatimaye aliuchora wake kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

Alinionyesha mchoro huo baadaye sana, na akanieleza, kwa hiyo naweza kuueleza. Uwanja wake ulianzia nyuma ya karakana, kwenye kipande cha zamani cha miwa kilichoachwa, na ulielekea kaskazini. "Jua la asubuhi likupige bega hili," alisema, akijigusa, "na la jioni likupige hili. Machoni lisikuingie saa yoyote. Mtu asiyeona mpira wake unaangukia wapi hajifunzi kitu, anachosha mabega tu." Urefu ulikuwa hatua mia nne, na mwishoni ardhi ilipanda polepole, mpira ukifika uonekane unapogonga na usimame. Nyuma ya mwinuko kulikuwa na miwa mitupu, hakuna anayepita. Mahali pa kupigia alipachora papana, akapagawanya vipande vitatu, kimoja kitumike na viwili vipumzike, maana kila pigo zuri la fimbo ya chuma hung'oa kipande cha nyasi. Pembeni kulikuwa na mitaro miwili ya maji, na kona ndogo ya mchanga na nyasi fupi kwa ajili ya mipigo ya karibu na shimo. "Watu wanapenda kupiga mbali," aliniambia, "lakini mchezo wanaupotezea karibu."

Kamati ilipokaa, alikuwa ameuvaa mchoro ule ndani ya shati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Emanuel, mkubwa mmoja wa idara ya usafirishaji, mtu mchangamfu, mkarimu, aliyependa klabu kwa moyo wote. Simsemi vibaya. Alikuwa na mpango wake. Alitaka renji ianzie mbele ya baraza la klabu na kuelekea magharibi, moja kwa moja kwenye Udzungwa, ili mgeni akikaa na kinywaji chake jioni aione mipira ikiruka kuelekea mlimani. Na kweli mandhari yale yalikuwa mazuri. Wajumbe walipenda.

Kisha Bwana Emanuel akamgeukia Damiani, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Damiani, wewe ndiye mwenye nyasi. Unaonaje?"

Damiani alijua kwamba upande ule ulikuwa na hatua mia mbili na sitini tu, maana alikuwa amezihesabu mara nyingi. Alijua kwamba wafanyakazi hutoka kazini saa kumi, hivyo renji ingejaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, na saa hizo jua linashuka palepale mlimani, mbele ya macho ya mpigaji. Na alijua kwamba mwisho wa hatua zile mia mbili na sitini kuna njia ya miguu. Wanawake wa kijiji cha jirani waliipita kila jioni kwenda kuuza mboga, maandazi na samaki kwenye kota za wafanyakazi.

Lakini wiki ileile alikuwa ameambiwa, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, kwamba jina lake limependekezwa kuwa msimamizi mkuu wa viwanja.

"Ni sawa tu, Mwenyekiti," alisema. "Patapendeza."

Aliniambia kwamba mchoro ulikuwa umemnata tumboni kwa jasho, akawa anaogopa usisikike ukikwaruza. Jioni Dorotea, mkewe, yule Mama Lukelo, alimuuliza kikao kimekwendaje. Akamjibu kimekwenda vizuri.

Cheo alikipata mwezi uliofuata.

Sasa lazima niseme na uzuri wa uwanja ule, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa kilichopotea. Renji ilipofunguliwa, Damiani aliomba jambo moja, na Bwana Emanuel akalikubali papo hapo: jioni za siku za kazi na Jumamosi yote, mfanyakazi yeyote wa kampuni aruhusiwe kupiga, awe mwanachama au asiwe. Fimbo za zamani zilizolala stoo zikatolewa na kusafishwa. Mwanzoni tulikwenda kwa kucheka. Nakumbuka ndoo yangu ya kwanza: mipira arobaini, na kama thelathini sikuigusa kabisa au niliigusa ikajiviringisha kama chungwa lililodondoka sokoni. Hakuna aliyeniangalia. Kila mmoja alikuwa na ndoo yake na aibu yake.

Damiani alipita nyuma yetu mikono mgongoni. Hakuwa mkufunzi mwenye cheti. Alisimama, akaangalia mipigo mitano bila kusema, kisha akasema neno moja. Kwangu lilikuwa, "Unaharakisha." Siku ya pili, "Bado unaharakisha." Wiki ya tatu mpira ulitoka kwenye fimbo namba saba bila mimi kuhisi chochote mikononi, ukapanda, ukakaa hewani. Nikageuka kumtafuta.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Nimesikia," alisema. "Wa namna hiyo husikika. Sasa tafuta mwingine."

Kila asubuhi alihamisha kamba ya mahali pa kupigia, kama mtu anayehamisha mifugo malishoni, na kila Jumatatu alijaza mchanga na mbegu kwenye majeraha ya nyasi. Paskazia, muuguzi wa zahanati, alikuja, makenika wawili wa karakana wakaja, mwalimu wa hisabati akaja. Baada ya mwaka na nusu klabu ilipeleka Morogoro timu ya mashindano ambayo nusu yake ilikuwa watu wa renji. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hatukushinda, lakini hatukuwa wa mwisho, na tuliporudi Bwana Emanuel alinipa mkono mbele ya watu. Nilipewa uanachama. Mpimaji wa juisi ya miwa, mtoto wa mwanamke muuza ndizi, nikawa na kabati langu klabuni lenye jina. Kazi hiyo yote ilifanywa na ukanda wa nyasi, kamba, na ndoo za mipira ya zamani.

Damiani hakufurahi kama nilivyotegemea. Kila jioni, jua likianza kuinama, alikuwa anatuacha. Alipita pembeni mwa uwanja hadi mwisho, akasimama kwenye ile njia ya miguu na filimbi shingoni. Wanawake wakitokea aliwanyooshea mkono wasimame, akatupigia filimbi sisi tusimamishe, wakapita, akapiga tena. Alikuwa pia amepanda miche ya mitiki mistari miwili kule mwisho. Nilidhani ni urembo. Niliwahi kumtania kwamba msimamizi mkuu mzima amejigeuza askari wa usalama barabarani.

"Ni mpaka miti ikue," alisema.

"Itakua lini?"

"Miaka minane. Kumi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami sikulitilia maanani.

Ilikuwa Oktoba mwaka 2019, siku ya Alhamisi, kiangazi kikali, majivu ya miwa iliyochomwa yakidondoka hewani kama kawaida ya msimu. Mashindano ya Morogoro yalikuwa yamebaki siku tisa. Tulikuwa watu watano tukipiga: mimi, makenika wawili, mwalimu, na mgeni mmoja aliyekuja kukagua mitambo. Jua lilikuwa limefika usawa wa mlima. Nilikuwa naharibu kila mpira kwa fimbo ndefu, na hasira ilikuwa imenipanda. Damiani alikuwa ameshaanza kuelekea njiani. Nilimwita.

"Mzee Damiani, njoo uniangalie kidogo. Mipira mitano tu."

Alisimama. Aliangalia kule njiani, akaniangalia mimi. Akarudi.

Nilipiga wa kwanza, akasema niulegeze mkono wa kushoto. Nikapiga wa pili, wa tatu. Wenzangu walikuwa wanaendelea kupiga. Sote tulikuwa tumekunja macho, tumeshusha kofia. Ulikuwa unapiga, mpira unaingia ndani ya jua, basi, umekwisha. Wa nne niliupata vizuri. Niliuhisi. Ndipo tukasikia sauti kutoka mwisho wa uwanja, si kelele kubwa, kisha mlio wa beseni likianguka.

Damiani alikimbia. Alikuwa na miaka hamsini na tano wakati ule, na hakuna kati yetu aliyeweza kumfikia.

Mwanamke aliyepigwa aliitwa Kandida. Alikuwa na kama miaka arobaini, mjane, akiuza samaki wa kukaanga ambao kaka yake alimletea kwa basi kutoka Kivukoni, kule kwenye daraja la mto Kilombero. Perege wake walikuwa wametapakaa kwenye vumbi. Alikuwa amekaa chini, kanga ameibana kwenye jicho la kushoto, na wenzake wawili wamemshika mabega. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza, "Ni nini? Ni nini kimenipiga?" Mpira ulikuwa umelala mita chache pale, mweupe, na alama ya klabu juu yake. Mipira yote ya renji ina alama hiyohiyo.

Gari la klabu lilimpeleka hospitali Ifakara usiku uleule. Madaktari walifanya walichoweza. Jicho halikupona.

Hakuna aliyejua ni mpira wa nani. Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu. Watu watano walipiga na hakuna hata mmoja aliyeuona mpira wake ukitua, kwa sababu uwanja ulikuwa umejengwa hivyo, kwamba saa ile hakuna awezaye kuona. Mgeni alisema wake ulikwenda kulia. Makenika walisema yao ilikuwa mifupi. Mwalimu alisema hakuona kitu. Na mimi nikasema sijui, na ni kweli sijui, lakini wa nne niliupata vizuri.

Kamati ilikaa siku ya nne. Niliitwa kueleza nilichokiona, kwa hiyo safari hii nilisikia kwa masikio yangu. Bwana Emanuel alikuwa amevunjika kabisa. Alisema klabu itagharimia matibabu yote, na kwamba hii ni ajali ya Mungu, hakuna aliyeweza kuijua.

Damiani alisimama. "Mwenyekiti, mimi niliijua."

Bwana Emanuel aliinua kichwa.

"Uliijua vipi?"

"Nilihesabu hatua kabla hatujajenga. Uwanja ni mfupi, na jua liko mbele. Nilijua kuna siku mpira utafika njiani na mpigaji hatauona."

Bwana Emanuel alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Nilikuuliza hapahapa. Mbele ya watu wote hawa nilikuuliza unaonaje."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Ukaniambia patapendeza."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema, Damiani? Mimi ni mtu wa malori. Nilijuaje mambo ya jua na hatua? Kama ungesema ningebadilisha. Wallahi ningebadilisha siku ileile."

Nadhani hilo ndilo lililomvunja, kwa sababu ilionekana wazi kuwa ni kweli. Kwa miaka minne alikuwa ameamini kwamba angesema angenyimwa cheo. Sasa mtu mwenyewe alikuwa mbele yake, macho mekundu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kudhani kwamba mtu huyu angemwadhibu kwa ukweli. Alikuwa amemwogopa mkubwa ambaye hakuwepo.

"Niliogopa," alisema. "Nilikuwa nataka ile nafasi."

Kisha akatoa ile kalenda, ikiwa imechakaa mikunjo, akaitandika mezani. Akawaonyesha kaskazini, mwinuko, mitaro. Aliwasihi wasiufunge uwanja, waugeuze. Alisema atauchimba mwenyewe bila mshahara. Alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, na kila neno lilikuwa sahihi, lakini kadiri lilivyokuwa sahihi ndivyo lilivyozidi kumtia hatiani. Mjumbe mmoja alisema, "Yote haya ulikuwa nayo mfukoni," akamrudishia Damiani mchoro kwa ncha ya kidole.

Waliufunga uwanja siku hiyo. Makao makuu yalitoa agizo kwamba hakuna tena renji ya aina yoyote katika klabu, na kwamba wasio wanachama wasiingie uwanjani kwa sababu ya usalama. Fimbo za zamani zilirudi stoo. Paskazia hakupiga tena, makenika nao hivyohivyo. Baada ya mvua za mwaka uliofuata pale mbele ya baraza palimwagwa kokoto, pakawa maegesho ya magari. Kile kipande cha nyuma ya karakana, chenye mwinuko wake, hadi leo kiko vilevile, magugu matupu.

Damiani hakufukuzwa. Aliandika barua mwenyewe. Siku ya mwisho alisaga visu vya mashine zote, akakabidhi funguo, yeye na Dorotea wakahamia Lumemo, Ifakara, kwenye nyumba waliyokuwa wameijenga kidogokidogo, na akarudi kulima mpunga Michenga katika shamba la baba yake.

Kabla hajafanya lolote lingine alikwenda Kivukoni. Kandida alikuwa amerudi kwao, kwa kaka yake. Damiani aliniomba nimsindikize, nami nilikwenda, kwa sababu na mimi nilikuwa na la kusema, ingawa nilipofika sikulisema vizuri.

Tulimkuta uani anaparua magamba. Alitukaribisha, akatupa viti. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Damiani hakukaa.

"Mama, nimekuja kukuambia jambo. Ule uwanja nilijua ni wa hatari. Nilijua tangu haujajengwa, nikanyamaza."

Kandida aliendelea na samaki aliyekuwa naye mkononi mpaka akamaliza. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ndiyo maana ulikuwa unasimama pale na filimbi."

"Ndiyo."

"Sisi tulidhani ni mambo ya wakubwa. Kwamba wakubwa wanacheza, sisi tusiwapite mbele. Ulikuwa unanyoosha mkono, 'Subirini.' Hukuwahi kusema kwa nini. Tulikuwa tunakusema njiani, baba, nisikufiche. Tulikuita bwana Subirini." Aliweka kisu chini. "Siku ile tulipokukuta hupo, tulifurahi. Nilisema, leo tunapita kama binadamu."

Damiani alifumba macho.

"Ungeniambia mimi," Kandida alisema. "Hao wakubwa uliwaogopa, sawa. Lakini mimi ungeniambia. Njia nyingine ipo, ile ya kupitia mashineni. Ni mbali kidogo tu. Ningezunguka."

Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayetaka kuelewa hesabu iliyokosewa. Nikasema mimi ndiye niliyemwita aondoke njiani, na kwamba labda mpira ulikuwa wangu. Kandida alinigeukia kwa uso mzima, maana ilibidi ageuke hivyo ili anione.

"Wewe ndiye dada wa maabara," alisema. "Ulikuwa unanunua vichwa kwa ajili ya paka."

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi sitaki kujua ni wa nani," alisema. "Nikijua nitakuwa na kazi ya kumchukia mtu kila siku. Nina kazi nyingi."

Alitupa maji ya kunywa. Hakusema amesamehe, na hatukumwomba aseme.

Ni miaka mitano sasa. Nimehamishiwa Morogoro, na huko nachezea uwanja wenye renji nzuri, ndefu, inayoelekea kaskazini, mwisho wake umeinuka. Mara ya kwanza niliposimama pale jioni, jua likiwa begani, nikauona mpira wangu kutoka mwanzo hadi unapogonga chini, nililia, na mkufunzi akadhani nimeteguka. Nilimwambia Damiani kwenye simu kwamba wanatafuta mtu wa kuwashauri kuhusu nyasi. Alinishukuru. Akasema ana mpunga.

Nilipopata likizo mwaka huu nilishuka Ifakara kuwasalimia. Barabara siku hizi ni lami, unafika mapema. Dorotea aliniambia kwamba mzee ana afya, anakula, analala, ila haongei sana, na kwamba vijana wa mtaani waliwahi kumwomba awapimie uwanja wa mpira wa miguu, akakaa wiki nzima anawaeleza kila kasoro ya mahali walipopachagua, hata isiyo na maana, mpaka wakachoka, wakaenda kwa mwingine.

Jumamosi tulikwenda naye sokoni. Kandida ana meza yake pale siku hizi, safu ya samaki. Damiani hununua kwake. Tulitokea upande wa kushoto, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusalimia, lakini Damiani alinigusa mkono, akazunguka nyuma ya meza za watu wawili, akatokea upande wa kulia, akasimama pale anapoonekana. Ndipo akamsalimia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba sipokei kwako, baba, wewe ni mkubwa," Kandida alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Leo kuna nini?"

"Kambale tu. Perege hawajaja."

Alichukua wawili. Kandida aliwafunga kwenye gazeti, akampa, akageukia mteja mwingine.